Filamu ya Bure Parramatta

Kazi ya Égide Habonimana, kwa mujibu wa rosta, ilikuwa kumwogesha mzee mmoja Mwiraki huko Auburn, Sydney, kumpa dawa zake, kumpikia uji na kumtembeza kidogo apate hewa. Hakuna mahali popote kwenye rosta hiyo palipoandikwa kwamba Égide atakuwa kamera. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na hata jina lake mzee alikataa kulishika. "Kamera!" alimwita kila asubuhi akiwa bado kitandani. "Umefika? Haya, dirishani kuna nini?"

Mzee huyo, Ustadhi Mundhir, alikuwa mshairi, na si mshairi wa mchezo. Zamani kwao alikuwa katika kundi la vijana waliochoka na mashairi ya kuulilia mwezi na waridi, wakaamua kuandika Kiarabu chao kama watu wa sinema wanavyopiga picha. Picha moja, kata. Picha nyingine, kata. Jicho linasogea karibu, jicho linarudi nyuma, na msomaji ajijazie mwenyewe. Kwa Ustadhi, kitu ambacho jicho halikioni hakina ruhusa ya kuingia kwenye shairi. Huzuni? Haionekani, toa. Upendo? Toa. Neno alilolichukia kuliko yote ni moyo. "Moyo kauona nani?" alifoka, povu la dawa ya meno likimtoka mdomoni. "Mchinjaji! Mchinjaji peke yake ndiye mwenye haki ya kuandika moyo!"

Kwa msimamo huo aligombana na washairi wa Kiarabu wa Sydney mmoja mmoja mpaka wakaisha. Mmoja wao, Ustadhi ndiye aliyemfukuza kwenye sherehe, na sherehe yenyewe ilikuwa ya huyo mwenzake, sebuleni kwa huyo mwenzake, na keki alinunua huyo huyo.

Sasa tazameni mambo ya dunia, jamani. Mzee aliyeishi kwa macho, macho ndiyo yakaanza kuzima. Kwanza yalikufa katikati yakabaki pembeni, halafu na pembeni kukaanza kufifia. Daktari alisema mwanga uliobaki hautafika mwakani. Ndipo Égide alipopandishwa cheo bila nyongeza ya mshahara, na kiti cha magurudumu kikawa kigari cha kubebea kamera. Walipotoka asubuhi kwenda barabarani, kwenye maduka ya nyama halali na ya mapazia, Égide alitakiwa kusukuma polepole bila mtikiso, maana ukitikisa picha, mstari wa shairi unavunjika. Akiambiwa "rudi nyuma," anarudi nyuma, hata kama nyuma kuna mama na mboga zake. Akiambiwa "kata," anasimama hapo hapo. Kuna siku "kata" ilitoka katikati ya kivuko, taa ikabadilika, magari yakapiga honi mpaka wauza mikate wakatoka nje, na mzee ameinua kidole juu, ametulia, anasubiri maneno.

"Sema unachoona, Kamera. Usiongeze chumvi."

Hapo ndipo penye taabu, kwa sababu Égide alizaliwa na chumvi mdomoni. Kambini Kasulu, kambi ya wakimbizi alikokulia, alikuwa mtafsiri wa banda la video. Filamu ikiwa ya Kichina, ya Kihindi, ya Kiarabu, yeye anashika kipaza sauti na kuwaeleza watu kwa Kiswahili nani steringi, nani adui, na wanasema nini. Lugha zenyewe hakuzijua hata moja! Alitazama midomo na bunduki akajaza mengine, na watu walilia machozi ya kweli. Mafuta ya jenereta yakiisha kabla ya mwisho, mtafsiri hashuki jukwaani. Gizani mle mle anaimalizia filamu kwa mdomo, maana mtu hawezi kurudi kwenye hema lake bila kujua kama steringi amepona. Hiyo ilikuwa sheria, na aliyeivunja alirushiwa mawe.

Basi siku ya kwanza ya ukamera wake alimwona kijana anakimbilia treni, akamwambia mzee kwamba kijana anafukuzwa na majambazi watatu.

"Majambazi wako wapi?" akauliza mzee.

"Bado hawajatokea, Ustadhi."

"Umewaona?"

"Lakini watatokea tu."

"Toa majambazi!" Mzee alipiga mkono wa kiti. "Mwenye kuona aseme alichoona! Basi!"

Wakagombana hivyo, wakazoeana hivyo, na Égide akampenda mzee yule mkorofi kama mtu anavyompenda baba mkwe mkali. Ndiyo maana lile shairi lisilokwisha lilimkaa rohoni.

Lilikuwa moja, na mzee alilirudia kila akioga, kwa Kiarabu kwanza, halafu kwa kile Kiingereza chao cha kuokoteza. Lilihusu asubuhi aliyotoroka nchini kwake, amefichwa ndani ya lori chini ya turubai lenye tundu. Picha ya kwanza: tundu. Picha ya pili: mgongo wa mwanamke, baibui jeusi, sinia tupu la bati kichwani. Huyo ni Widad, mkewe, aliyemsindikiza kwa kujifanya anakwenda kununua mkate. Picha ya tatu: askari wawili na birika la chai. Picha ya nne: kisigino cha mwanamke, ndala, vumbi. Picha ya tano: kona, tanuri la mkate, moshi. Mwanamke anafika kwenye kona.

Na hapo ndipo lori lilipoondoka. Vumbi likaziba tundu. Je, Widad aligeuka kumtazama, au alikunja kona akaenda zake? Mzee hakuona. Hawakuonana tena, na Widad alifariki kabla simu yoyote haijawafikia. Miaka yote hiyo shairi lilisimama pale pale kwenye kona, na mzee hakuweza kuandika kwamba aligeuka kwa sababu hakumwona akigeuka. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, na imemfunga yeye mwenyewe.

"Sasa anafutika, Kamera," alimwambia Égide asubuhi moja akiogeshwa, kwa sauti ambayo Égide hakuwahi kuisikia. "Kichwani pia. Baibui limebaki, sinia limebaki. Kisigino jana sikukipata. Nikimpoteza kabla sijajua, nitakuwa nimemwacha mara mbili."

Égide akamwagia mzee maji mgongoni, akaendelea kusugua.

Siku hiyo hiyo, akiwa jikoni, kifuniko cha sufuria kilimponyoka kikaanguka kwenye vigae, kikazunguka kikilia. Mzee akaruka kitini. "Ondoa kelele hiyo! Hata siku ile ilikuwepo, bati sijui la nani limeanguka wakati lori linaondoka, likanivurugia kila kitu. Nimeikata! Shairi ni la jicho, si la sikio!" Égide akaokota kifuniko chake, akaona kweli uzee ni kazi.

Ndipo ukaja mwaliko. Ukumbi mmoja Parramatta ulikuwa na siku ya washairi wahamiaji, na Ustadhi Mundhir akakubali kusoma shairi hilo, mara ya mwisho, akisema labda mbele ya watu mwisho wake utajitokeza wenyewe. Msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja mpole aitwaye Douglas, akapiga simu kwa masikitiko. Hakuna hata mtu mmoja aliyejiandikisha. Washairi wa Kiarabu wote walikuwa na udhuru siku hiyo, wote, na kila mmoja alitoa udhuru wake kwa furaha. Ikibaki hivyo, alisema Douglas, watamhamishia Ustadhi chumba cha watoto, kile chenye viti vidogo vyenye masikio ya sungura.

"Watu watakuja," Égide akasema kwenye simu. Mdomo huo! Siku zote ulikuwa ukimtangulia.

Jumapili, kanisani kwao Fairfield, alisimama wakati wa matangazo. Warundi na Wakongo wamejaa, wametoka kwenye shifti za kulea wazee na za kupanga maboksi, wanasinzia. Waambie watu hao waje kumsikiliza kipofu akisoma mashairi ya Kiarabu! Nani angekuja? Égide akasema, "Ndugu zangu, Jumamosi Parramatta kuna kitu... ni kama filamu."

Neno "kama" halikutoka hata mlango wa kanisa. Mpaka jioni ujumbe ulikuwa umezunguka kwenye simu zote kwamba kuna filamu ya bure, ya vita, ya Kiarabu, mtafsiri ni Égide yule yule wa Kasulu, na steringi mwenyewe atakuwepo.

Jumamosi wakaja. Wee! Walikuja na watoto, na bibi zao, na masufuria ya maharage na ndizi yaliyofungwa kwa khanga, na vigoda vyao endapo viti havitatosha. Mbele kabisa alikaa Mama Ange, jina lake hasa Fébronie, mama wa kwaya, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mumewe Térence alimshusha mlangoni na binti yao Ange, akaenda kutafuta pa kuegesha gari, na anayeijua Parramatta siku ya Jumamosi anajua kwamba mtu huyo ameaga.

Douglas alitazama masufuria, akataka kusema kuhusu kanuni za chakula, akaona heri aende kuongeza viti. Akashusha skrini kubwa nyeupe, akawasha projekta. Projekta haikuwa na kitu cha kuonyesha, ikamwaga mwanga mtupu ukutani.

"Inaanza," watu wakanong'onezana, na watoto wakanyamazishwa.

Ustadhi Mundhir akasukumwa jukwaani, suti yake imepigwa pasi, uso ameuelekeza kwenye kelele za watu. "Wamejaa?" akamuuliza Égide chinichini.

"Pomoni, Ustadhi."

Mzee akatabasamu, na Égide akahisi dhambi. Kiarabu kikaanza kutoka, kizuri, kizito, kila picha na kimya chake. Watu wakatazama skrini nyeupe. Wakaendelea kuitazama. Ange akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba hapa hakuna filamu yoyote. Kigoda kikalia. Kifuniko cha maharage kikafunguliwa.

"Égide we," ikatoka sauti ya Mama Ange, "mbona umetuletea ukuta?"

Kicheko kikapita ukumbini. Mzee akanyamaza katikati ya picha ya pili. "Wanacheka nini, Kamera?"

Wakiondoka sasa, mzee atabaki anaisomea projekta. Liwalo na liwe! Égide akachukua kipaza sauti cha pili, akasimama pembeni ya skrini, na ile sauti ya banda la video, iliyolala tangu Kasulu, ikaamka nzima nzima.

"Haya, mabibi na mabwana! Mkanda wa leo umetoka Iraki! Steringi yuko wapi? Steringi yuko ndani ya lori, chini ya turubai, mnaona tundu hilo? Jicho lake ndilo hilo! Na huyu anayekwenda mbele, mwenye sinia kichwani, ni mke wake. Mtazameni mgongo. Hakimbii! Anatembea kama mtu anayefuata mkate!"

Ukumbi ukatulia. Watu wakasogeza shingo. Ustadhi hakuelewa neno hata moja, lakini kimya kile alikielewa, akaendelea. Mzee akisoma picha, Égide, aliyelikariri shairi bafuni, anaitafsiri. Askari walipotokea na birika lao, watoto walizomea. Kisigino kilipokuja, bibi mmoja akasema, "Ndala imechakaa, masikini," na wenzake wakakubali kwamba imechakaa. Wote walikuwa wanatazama mwanga mtupu, na Douglas mlangoni akageuka naye kutazama, akapangusa miwani, akatazama tena.

"Anafika kwenye kona!" Égide akalia. "Lori linaunguruma!"

Na mzee akanyamaza. Shairi limefika mwisho wake.

Kwa watu wa banda la video, hapo hapawezi kuwa mwisho. "Geuka!" akapiga kelele mmoja kutoka nyuma. "Mama, geuka, mumeo anaondoka!"

"Asigeuke!" Jamaa mmoja anayepanga maboksi ghalani akasimama juu ya kigoda. "Askari wanaona! Akigeuka tu wanajua kuna mtu ndani ya lori!"

"Aondoke bila kumtazama? Ni mke gani huyo?"

"Ni mke mwenye akili!"

Ukumbi ukagawanyika, upande huu geuka, upande ule usigeuke, watu wazima wananyoosheana vidole kwa ajili ya ukuta mweupe. Mzee aliinua uso. "Wanasema nini, Kamera?"

"Wengine wanamwambia ageuke. Wengine wanamkataza, kwa sababu ya askari."

"Kuna anayemwona?" Mzee akamshika mkono, vidole vikamkaza. "Na yeye? Anafanya nini yeye?"

Égide akafungua mdomo. Sheria ya Kasulu ilikuwa inamsukuma amalizie, ampe mzee mwanamke aliyegeuka, ampe na machozi na upepo kwenye baibui. Lakini atakuwa amempa majambazi watatu, na mzee atajua. Mdomo uliozoea kumtangulia ukamkauka. Kwa mara ya kwanza maishani mtafsiri hakuwa na neno, na hofu aliyoihisi ilizidi ile ya mawe.

"Ninyi wote hamna macho," akasema Mama Ange. Hakupiga kelele. Alisimama akirekebisha khanga, kwa utulivu wa mtu anayetoa tangazo la kwaya. "Mwenye macho haambiwi tazama. Ameangusha sinia."

"Ameangusha?"

"Ameliangusha makusudi. Ukiangusha kitu, unainama kukiokota. Ukiinama unatazama nyuma kwa hapa," akainua mkono kuonyesha kwapa, "na hakuna askari duniani atakayejua kwamba umetazama. Mimi mume wangu alipita kwenye kizuizi cha askari ndani ya lori la mkaa. Nilikuwa na beseni. Mngefanyaje ninyi? Mngemwacha aende hivi hivi?"

Jamaa wa ghalani akashuka kwenye kigoda chake.

Sauti ya kifuniko jikoni ilimrudia Égide, na mzee anaruka kitini. Akapiga magoti kando ya kiti cha magurudumu. "Ustadhi, yuko mama mmoja hapa. Amesema Widad aliangusha sinia, ili ainame, ili akutazame. Ustadhi, lile bati. Lile bati ulilolikata."

Midomo ya mzee ilitembea bila sauti. Kisha machozi yakaanza kumshuka kwenye yale macho yaliyokufa, na hakuyafuta. Bati lile alikuwa nalo siku zote. Alilisikia kwa masikio yake, akalitupa kwa kuwa halikuwa picha.

"Liliita," akasema. "Lilizunguka chini likaita. Hivi." Akapiga ukucha kwenye chuma cha kiti, mara kadhaa, haraka haraka, halafu polepole mpaka sauti ikaisha.

"Ni sinia kabisa," Mama Ange akathibitisha kutoka mbele. "La bati."

Ustadhi Mundhir akanyoosha mgongo, akaisoma picha ya sita palepale, fupi, kwa Kiarabu, kisha kwa kile Kiingereza chao, na Égide akaitafsiri. Giza ndani ya turubai. Bati linaita. Mwanamke ameinama, na jicho lake liko chini ya mkono wake. Neno moyo halikuwemo.

"Nikate, Ustadhi?" akauliza.

"Usikate. Acha iende."

Basi wakaiacha iende. Watu walikaa wanatazama ukuta mweupe mpaka watoto wakaanza kuomba chakula, na masufuria yakafunguliwa, na Douglas naye akapewa sahani yenye ndizi nyingi kuliko alizoomba. Mzee alilishwa na Mama Ange mwenyewe, akimkemea kwamba amekonda.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia Térence, mume wake, amelowa jasho, funguo za gari mkononi. Alikuwa ameegesha mbali karibu na mto akarudi kwa miguu. Akatazama skrini tupu, akawatazama watu waliovimba macho.

"Filamu inaanza saa ngapi?"

"Imekwisha, Baba Ange," mkewe akamjibu bila kugeuka. "Mume alikuwa ndani ya lori, mke akaangusha sinia mbele ya askari. Basi. Njoo ule."

Térence akavuta kigoda, akapokea sahani yake, akapuliza maharage yapoe.

"Wewe uliangusha beseni," akasema, na akaanza kula.